Pambizo Lililokatwa

Profesa hakumwambia akae.

Gundi alisimama mlangoni pa sebule, viatu ameviacha nje, kifurushi kwapani, akingoja neno "karibu" kama mtu anavyongoja mvua katika mwezi usio wake. Neno halikuja. Profesa alikuwa mezani, miwani puani, rula mkononi, na mbele yake daftari nene lenye jalada jipya la ngozi. Alikuwa akipima ukingo wa karatasi. Alipima ukurasa mmoja, akafunua, akapima mwingine, midomo imebanwa kama mkoba wa bahili.

Jalada lile Gundi alilijua. Alilikata, akalishona na kulibandika kwa mikono yake mwenyewe, na siku alipolimaliza alilipitisha shavuni kuona kama ni laini.

Nyuma yake alisimama Kitinda, mchumba wake, ambaye ndiye kitindamimba wa nyumba ile. Kitinda ni mtu wa maneno, akiingia mahali hata paka hushiba mazungumzo. Siku ile alikuwa kimya, na Gundi alisikia pumzi yake kisogoni, fupifupi.

Aliyesema karibu ni Shangazi, dada wa marehemu baba yake Kitinda, aliyekaa dirishani akirudishia vifungo vya shati. "Karibu, mwanangu. Kaa. Viti vya hapa haviulizi shahada."

Gundi alimshukuru, akabaki amesimama. Mwenye meza alikuwa hajasema.

Yafaa ieleweke mapema kwa nini daftari moja lilitosha kuinyamazisha nyumba nzima.

Profesa, mama yake Kitinda, alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, mwanamke aliyesomea kemia ya vitu vyenye uhai. Maisha yake ya kazi aliyamaliza kwa swali moja: kwa nini biringanya ikikatwa huwa nyeusi. Ndani ya tunda, alisema, kuna kitu kimelala, na kisu kikipita kinaamka. Yeye alitaka kujua joto gani linakiamsha na joto gani linakilaza. Shangazi, wifi yake, alikuwa na kawaida ya kusema kwamba wangemwuliza yeye, angewaambia wapake ndimu, kazi ikaisha siku hiyohiyo.

Kila alichokiona Profesa alikiandika papo hapo, kwa wino, katika madaftari ya maabara. Alipostaafu, madaftari yakapelekwa kwenye ghala la kumbukumbu la chuo, yakalala ndani ya maboksi. Ghala hilo ndilo alikofanya kazi Kitinda. Siku bomba lilipopasuka darini na maboksi yakalowa, yeye ndiye aliyeyabeba hadi chumba cha chini cha maktaba, ambako vitabu vilivyoumia hushonwa upya. Mle ndani mlikuwa na watu wawili tu: mzee mmoja mjalidi, na binti yake. Binti huyo mikono yake ilinukia gundi tangu utotoni, hata wenzake wakalisahau jina lake. Ukimwita Gundi, anaitika.

Kitinda aliporudi mara ya tatu, na boksi ambalo halikuwa na tone la maji, Gundi alimwuliza kama chuo kizima kimeamua kuhamia kwake. Tangu hapo akamwita Bwana Boksi. Na Bwana Boksi akaendelea kuja, mwishowe bila hata boksi.

Jumamosi inayofuata watu wa Kitinda walikuwa waende kwa baba yake Gundi kuposa. Profesa hakuitaka posa ile, wala hakuficha. Mwanawe alikuwa amepata nafasi ya kwenda kusoma zaidi, akaisogeza mbele mwaka mzima, na mama akamwuliza mezani kama anaacha vitabu ili ajifunze kushika brashi. Shangazi ndiye aliyembembeleza, siku nenda siku rudi, hadi Profesa akakubali kwenda. Alikubali kwa mguu mmoja.

Kisha likaja jambo la daftari.

Kitabu kilicholowa kikikauka, karatasi zake huvimba na kingo zikajikunja kama kola ya shati kuukuu. Mjalidi akishakishona hukiweka kwenye mashine, kisu kikashuka juu, chini na ubavuni, na kitabu kikatoka kimenyooka. Ndivyo Gundi alivyofundishwa na ndivyo alivyofanya kila kitabu tangu aanze kazi. Aliziona alama za penseli ubavuni mwa kurasa, zimefifia kwa miaka. Akadhani ni mikwaruzo ya mtu aliyekuwa akiijaribu penseli yake. Maandishi ya wino yalikuwa ndani, ambako maji hayakufika, salama. Nani huandika jambo la maana ukingoni tena kwa penseli?

Kumbe ile penseli ndiyo ilikuwa joto. Baba yake Kitinda alikuwa fundi wa maabara ileile. Mkewe akiandika anachokiona, yeye husimama kwenye kipimajoto, akainama juu ya bega lake, na kuandika joto kwenye pambizo, kwa penseli, maana vidole vyake vilishinda na maji na wino ungetapakaa. Namba ya Profesa bila joto la mumewe ni sawa na kumwambia mtu tukutane, usimwambie wapi.

Kitinda aliligundua daftari likiwa bado na joto la mikono ya Gundi. Aliligeuza, akaligeuza tena, rangi ikamtoka usoni, akamweleza. Gundi hakulia wala hakujitetea. Alichukua gunia la masalia chini ya mashine, akapiga magoti, akatoa vipande vya daftari lile kimoja kimoja, vyembamba kama tambi. Nyuma ya kila kipande akaandika kwa mkono wake kinatoka ukurasa gani, akavifunga kwa uzi wa kushonea, akamkabidhi Kitinda pamoja na daftari.

"Mpelekee Mama," alimwambia. "Mwambie nimekosa mimi. Jumapili nitakuja mwenyewe nivirudishe."

Kitinda akaenda. Aliporudi alisema Mama amepokea, amenyamaza tu. Gundi akaulalia ule unyamavu kama kitanda cha miiba, lakini alilala, kwa sababu vipande vimefika.

Hayo ndiyo aliyoyajua Gundi siku ile ya Jumapili, mchana, akiwa amesimama kwenye sebule ya mkwe asiyemtaka.

"Umebeba nini?" Profesa aliuliza bila kuinua kichwa.

"Karatasi laini za kubandikia, Mama. Na gundi ya unga. Haiachi doa."

"Unabandika nini?"

"Vile vipande."

Rula ikasimama katikati ya ukurasa. "Vipande gani?"

Gundi aligeuka kumtazama Kitinda. Siku zote macho ya Kitinda yalikuwa wazi kwake kama dirisha la asubuhi. Mara hii yalikuwa chini, kwenye sakafu, yanahesabu vigae.

Profesa akaeleza, polepole, kama anayemsomea mtu asiyesikia vizuri. Alisema yeye ameambiwa daftari lilikatwa na kibarua wa muda, mtu asiyejua kazi, na kwamba kibarua huyo amekwisha fukuzwa. Aliambiwa masalia yalikwenda na takataka siku hiyohiyo. Alitaka kwenda kuchambua jalala mwenyewe, mwanawe akamzuia, akamwambia limekwisha chomwa.

"Kibarua yupi?" Gundi aliuliza. Hakuuliza kwa ujanja. Alikuwa haelewi. "Kule chini tuko mimi na baba yangu, Mama. Hatujapata kuwa na kibarua."

Sindano ya Shangazi iligota kwenye kifungo.

Profesa akavua miwani. Bila miwani uso wake ulionekana mdogo, na mkali zaidi.

"Mama, nilishakueleza," Kitinda alianza.

"Wewe umeshajibu. Namwuliza huyu." Akamkazia macho Gundi. "Nani alishika kisu?"

Basi hapo ndipo Kitinda alipoinua macho. Alimtazama Gundi kama mtu aliye majini anavyomtazama aliye ukingoni. Gundi aliusoma mtazamo ule wote. Ulimwambia: sema kibarua. Neno moja tu, na Jumamosi itapita, na Jumatatu utakuwa mchumba wa watu mbele za watu, na mambo ya karatasi yatasahaulika. Moyo wake ulitaka kusema. Alimpenda mtu yule hata sauti ya viatu vyake kwenye ngazi ilimwamshia damu. Alifungua mdomo, akaufunga, akatazama daftari pale mezani, jalada alilolipitisha shavuni.

"Ni mimi, Mama," alisema. "Mikono hii."

Nje mtu alikuwa akisukuma mkokoteni wenye gurudumu bovu, ukalia, ukalia, ukapita.

"Ulikuwa unatafuta nini ukingoni mwa daftari langu?"

"Nilikuwa nalisawazisha. Lilivimba."

"Lilivimba." Profesa alilirudia neno kama anayelitema. "Njoo hapa. Njoo uone ulivyosawazisha."

Gundi alisogea. Profesa akaweka ncha ya rula ukingoni mwa ukurasa, pale penye alama ya penseli ndogo kuliko mguu wa sisimizi.

"Huu ni mkia. Mkia wa saba, au wa tisa, au wa moja. Mimi sijui. Nimekaa hapa siku zote hizi nakisia. Aliyejua tumemzika." Alifunua. "Hapa sina hata mkia. Mwezi mzima tulisimama mimi na yeye, mgongo unaniuma, ana mafua, ananiandikia joto huku anapiga chafya na kuniomba radhi. Hapa ndipo alipopiga chafya, niliweka alama. Alama yangu ipo. Yeye hayupo."

Gundi alisema amekosa. Alisema hana la kuongeza, ila kwamba hakujua.

"Hukuuliza," Profesa alimkata. "Ungetaka kujua ungeuliza. Ndiyo maana nilimwambia mwanangu. Nilimwambia, yule binti kwake kitabu ni ngozi na uzi. Cha ndani hakimhusu."

"Na kwako wewe, Mama, mtu ni shahada," Gundi alijibu. "Cha ndani hakikuhusu."

"Eh," alisema Shangazi, akaweka shati chini.

Kitinda alimshika Gundi kiwiko. Gundi akakitoa kiwiko chake taratibu, kama mtu anavyotoa nguo kwenye mwiba asiirarue. Halafu akamgeukia, na lile swali ambalo kila mmoja chumbani alikuwa akiliogopa, akaliuliza yeye.

"Viko wapi vipande?"

Kitinda alisema wakazungumze nje. Alisema ni mambo yao wawili, Gundi akabaki anamtazama. Mwishowe akasema, akizitazama kuta badala ya watu, kwamba alivitia kwenye pipa nyuma ya ghala, pamoja na karatasi za siku ile, akatia kiberiti.

Gundi alisikia maneno lakini hayakuingia mara moja. Alikuwa bado anaviona vile vipande juu ya goti lake, na mgongo wake ulivyomuuma wakati ule, na jinsi alivyokaza uzi kwa jino.

"Nilivifunga," alisema. "Vyote. Hakikukosekana hata kimoja."

"Ndiyo. Na nyuma ya kila kimoja uliandika kwa mkono wako." Sauti ya Kitinda ilianza kupanda. "Mama angeuona mwandiko angeuliza wa nani. Angejua ni wewe. Unajua ingekuwaje? Hiyo posa ingekufa pale pale. Wewe humjui mama yangu. Nilitaka kukulinda."

"Kunilinda na nani?"

"Na haya. Na hivi tulivyosimama sasa."

"Nilikutuma ukaseme nimekosa," Gundi alisema. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha Kitinda, kwa maana walishawahi kugombana mara nyingi na daima Gundi hupaza. "Hilo tu. Wewe ukaenda kusema sikuwepo."

"Gundi—"

"Ungeniacha nitukanwe. Kutukanwa najua. Leo ningekuwa hapa mezani nabandika, Mama ananitukana, na mimi nabandika. Vingekuwa vimekaribia kwisha." Alikifungua kifurushi, akazitandaza karatasi laini mezani. "Umemchoma baba yako, kaka, ili mimi nipendeze."

Neno "kaka" lilimpiga Kitinda kuliko yote. Mwanamke aliyekuwa akimwita Bwana Boksi mbele ya watu na majina mengine pasipo watu, leo anamwita kaka, kama anavyomwita konda au mwuza vocha. Alirudi nyuma hatua, akaegemea kabati la vyombo, vikombe vikagongana.

Profesa aliiweka rula chini. Alikuwa amemtazama mwanawe, na ukali wote aliokuwa ameuweka kwa binti wa watu ulikuwa unahama taratibu, unatafuta pa kukaa.

"Wewe unafanya kazi ya kutunza karatasi," alimwambia.

"Mama, nimekosa."

"Unalipwa kwa ajili hiyo. Kutunza. Na umelelewa maabara, ulikuwa unalala kwenye boksi la vioo tukifanya kazi. Baba yako alikufundisha nini mtu akikosea kwenye daftari?"

Kitinda alishika ukingo wa kabati.

"Sema. Kanuni hiyo uliijua hata kabla hujajua kufunga viatu."

"Hafuti," Kitinda alisema, sauti imeshuka hadi ikawa ya kitoto. "Anapiga mstari mmoja juu ya kosa, lisomeke. Anaandika alichokosea. Anatia sahihi."

"Na wewe ulifanya nini?"

Shangazi alikuwa amegeukia dirisha, na mabega yake yalikuwa yakitikisika kidogo. Yule mwenye penseli alikuwa mdogo wake, alimbeba mgongoni utotoni. Muda wote ule watu walikuwa wakigombana juu ya mume na juu ya baba, na hakuna aliyekumbuka kwamba ni ndugu wa mtu pia.

Profesa alilifungua daftari mwisho, palipokuwa na ukurasa mtupu, akalisukuma mezani kuelekea kwa Gundi. Juu yake akaweka kalamu ya wino.

"Andika."

"Niandike nini, Mama?"

"Ulichokata, na kwa nini ulikata. Si kwa ajili yangu, mimi najua. Kuna mtu atalifungua daftari hili siku moja mimi sipo. Ataona namba hazina joto. Asije akadhani mume wangu alikuwa mvivu."

Shangazi aliinuka, akavuta kiti kwa mguu, akamsukumia Gundi. Mara hii Gundi akakaa.

Aliandika polepole, ulimi pembeni mwa mdomo, mwandiko wake mkubwa wa mviringo. Aliandika kwamba yeye, mjalidi wa maktaba, alizikata kingo za daftari hili kwa mashine, kwa bahati mbaya, ili kulisawazisha. Kwamba kwenye ukingo wa ubavu palikuwa na joto la kila kipimo, lililoandikwa kwa penseli na fundi wa maabara, kwa ukamilifu. Na kwamba hakuuliza kabla ya kukata.

Profesa akavaa miwani, akasoma. "Umeandika 'kwa bahati mbaya'."

"Ndiyo, Mama."

"Hiyo si bahati. Piga mstari."

Gundi akapiga mstari mmoja juu ya maneno yale, yakabaki yanasomeka. Akatia sahihi. Profesa akalivuta daftari, akasoma tena tangu mwanzo, kwa kidole. Kisha chini ya sahihi ya Gundi akaandika: Nimesoma na nimeelewa. Akatia sahihi yake.

Hayo ndiyo yalikuwa mazoea ya maabara ile. Kila ukurasa, aliyefanya kazi hutia sahihi, na mwingine akausoma na kuandika maneno hayo chini. Ukilifunua daftari lile tangu mwanzo utakuta chini ya kila ukurasa, ndani kabisa ambako kisu hakikufika, maneno yaleyale kwa mwandiko mmoja uliolala upande. Nimesoma na nimeelewa. Nimesoma na nimeelewa. Maisha mazima mume yule alimwandikia mkewe hivyo. Kuna wanawake wameandikiwa mashairi wakaambulia pungufu ya hapo.

Gundi alikuwa ameyaona alipokuwa akishona, lakini sasa ndipo alipoyasoma.

"Usidhani nimekusamehe," Profesa alisema, akikausha kalamu. "Kuelewa ni kitu kingine. Madaftari yaliyobaki?"

"Sijayagusa, Mama."

"Yashone. Usikate."

"Yatakuwa na kingo mbaya. Yatajikunja."

"Yajikunje."

Kitinda alisogea kutoka kwenye kabati. Alimwuliza mama yake kama Jumamosi wanakwenda au hawaendi. Lilikuwa swali la mtu aliyezama anayeuliza saa, lakini lilikuwa ndilo swali lililokuwa likiwala wote tangu mlango ulipofunguliwa.

"Mimi Jumamosi nitaamka, nitaoga, nitavaa viatu," Profesa alijibu. "Kama kuna pa kwenda, si mimi wa kuulizwa."

Wote wakamtazama Gundi. Alikuwa akikunja karatasi zake laini, akizirudisha ndani ya kifurushi moja moja, kama mama anayekunja nguo za mtoto aliyekataa kuzivaa. Alipomaliza aliichukua kalamu mezani, akaigeuza, akamnyoshea Kitinda upande wa kushikia.

"Na wewe andika, kaka."

Kitinda aliandika akiwa amesimama, ameinama juu ya bega la Gundi, maana kiti alikuwa amekikalia Gundi na yeye hakuthubutu kuomba kingine. Ndivyo baba yake alivyokuwa akisimama. Profesa aliliona hilo, akageuza uso haraka akajifanya anatafuta kitu mtungini. Gundi alisikia joto la kifua cha Kitinda karibu na sikio lake, na harufu ya sabuni aliyoizoea, na mwili wake, usiojua habari za madaftari, ukataka kuegemea. Hakuegemea.

Aliandika kwamba vipande vya pambizo vilikuwepo, vyote, vimepangwa na kufungwa na mjalidi. Kwamba yeye, mtunza kumbukumbu, alipewa avifikishe kwa mwenye daftari, akavichoma moto. Kwamba kibarua hakuwepo, alimtunga. Akasita, kisha akaongeza kwamba alifanya yote haya kwa sababu anampenda mjalidi. Akatia sahihi.

Gundi alisoma. Alifika mwishoni, akaweka kidole chake chenye gundi iliyokauka juu ya maneno yale.

"Hilo piga mstari."

"Ni kweli lakini," Kitinda alisema. "Gundi, naapa. Katika yote niliyoandika hilo ndilo la kweli kuliko yote."

"Najua ni kweli. Si sababu."

Alibaki ameishika kalamu. Shangazi alisema kwa sauti ya chini, kwa vile hakuweza kujizuia, kwamba mwanamume aliyeweza kuwasha kiberiti hawezi kushindwa na mstari.

"Mmoja tu," Gundi alimwambia, na kwa mara ya kwanza tangu aingie sauti yake ililegea kidogo. "Usiuchore sana. Lisomeke."

Kitinda akapiga mstari. Ulikwenda mwembamba, umenyooka, juu ya maneno kwa sababu ninampenda, na chini ya mstari maneno yakabaki yanaonekana, herufi kwa herufi.

Gundi akaichukua kalamu. Chini ya sahihi ya Kitinda aliandika neno moja: Nimesoma. Akatia sahihi yake mbali kidogo, pembeni kabisa mwa ukurasa, na katikati, kati ya neno lile na sahihi, akaacha nafasi. Yeye ni mjalidi, jicho lake linajua kupima. Ilikuwa nafasi ya maneno mawili, si zaidi.

Aliinuka, akachukua kifurushi, akamuaga Shangazi kwa heshima, akamuaga Profesa kwa heshima. Mlangoni alivaa viatu bila kuinama, akisukuma kisigino ukutani, na hatua zake zikashuka ngazi bila kukimbia.

Kitinda alibaki ameikazia macho ile nafasi tupu. Kisha, kwa mazoea ya mtunza karatasi, akanyosha mkono kulifunga daftari.

"Liache wazi," mama yake alimwambia. "Wino haujakauka."